Amri ya ulinzi unayo mkononi: namna ya kuhakikisha polisi nao wanayo

Mahakama na kituo cha polisi ni nyumba mbili zisizo na mlango wa kati. Hakimu anaweza kutia saini asubuhi amri ya ulinzi, yaani karatasi ya mahakama inayomkataza mtu kumkaribia au kumsumbua mwenzake, karani akaigonga muhuri na kuiweka jaladani, na usiku uleule askari wa zamu akapokea simu ya mtu anayelia bila kujua kwamba amri hiyo imewahi kuandikwa. Huenda si kwamba hajali. Hajaiona tu. Na asipoiona, kilicho mbele yake ni ugomvi wa mke na mume kama mwingine wowote.

Katika ugomvi wa kawaida askari huanza kuuliza nani kaanza, nani kasema nini, nani kaumia. Palipo na amri, swali hubaki moja: huyu alikatazwa kufika hapa, amefika, hajafika? Kazi yote iliyoelezwa hapa chini ni ya kumwezesha askari aulize swali hilo la pili badala ya yale ya kwanza.

Nimeandika kwa ajili ya mtu aliyekwisha pata amri, au anayemsindikiza aliyeipata: ndugu, jirani, ofisa ustawi wa jamii, msaidizi wa kisheria. Sheria hutofautiana nchi na nchi, na majina ya fomu na madawati hubadilika, lakini safari ya karatasi ni ileile. Kama uko hatarini saa hii, acha kusoma. Ondoka, au piga namba ya dharura. Karatasi zitakufuata.

Hatua ya 1: Isome amri kabla hujatoka mahakamani

Isome palepale masjala, mstari kwa mstari, kalamu mkononi. Makosa ya amri huwa na tabia ya kugunduliwa kituoni, saa ambayo hakimu amekwisha lala.

Anza na majina. Mtu ana jina la kitambulisho, mtaani anaitwa kwa jina la utani, na laini yake ya simu imesajiliwa kwa jina la tatu. Omba yote yaandikwe, la sivyo askari atasimama mlangoni na karatasi yenye jina moja huku mtu aliye mbele yake akitoa kitambulisho chenye jina jingine. Kisha tazama tarehe: siku amri ilipotolewa, siku inapoisha, na kama ni amri ya muda, siku ya kurudi kusikilizwa. Tazama namba ya shauri na muhuri. Angalia pia kama imeandikwa kwamba polisi wanaweza kumkamata anayeivunja bila kurudi mahakamani kuomba hati ya kukamata. Baadhi ya nchi huliweka hilo ndani ya amri yenyewe, nyingine huliacha kwenye sheria; muulize karani lako liko wapi.

Baada ya hapo soma masharti, na uyasome kwa jicho la askari. "Asimsumbue mlalamikaji" ni maneno ya heshima, lakini kusumbua hakupimiki kwa macho. "Asifike ndani ya mita 100 za nyumba, mahali pa kazi na shule ya watoto" kunapimika. "Asipige simu wala kutuma ujumbe, yeye mwenyewe au kwa kumtumia mtu mwingine" kunapimika pia, kwa sababu simu huweka kumbukumbu. Sharti likiwa na ukungu, omba lifafanuliwe wakati hakimu bado yuko kazini.

Lililo hatari kuliko yote ni lile la watoto. Mwaka 1999, katika mji wa Castle Rock, jimbo la Colorado, Marekani, mama mmoja alikuwa na amri ya mahakama dhidi ya mumewe. Amri ilimkataza baba kufika, lakini iliruhusu aonane na binti zake kwa chakula cha jioni katikati ya juma, kwa mpango wa pande zote mbili. Jioni moja ya Juni aliwachukua watoto watatu bila mpango wowote. Mama akapiga simu polisi. Walipofika akawaonyesha amri. Wakamwambia asubiri hadi saa nne usiku. Akapiga tena, akaambiwa asubiri hadi saa sita. Mwishowe akaenda kituoni mwenyewe. Karibu saa tisa na nusu alfajiri baba alifika mbele ya kituo hichohicho akifyatua risasi, akauawa, na ndani ya gari lake walikutwa watoto wote watatu wamekufa. Kesi ilifika Mahakama ya Juu ya Marekani, ambayo mwaka 2005 ilisema mama huyo hakuwa na haki ya kikatiba ya kudai polisi waitekeleze amri ile.

Funzo ninalolitoa hapo ni dogo na la vitendo. Kama amri yako inaruhusu baba au mama kuonana na watoto, itaje siku, saa, mahali, na nani atakayekuwapo. Sentensi iliyoachwa wazi humpa askari sababu ya kusema "tusubiri kidogo".

Jambo jingine la kutazama ni anwani. Ikiwa umehama na hajui ulipo, anwani mpya isionekane kwenye nakala atakayopewa. Mwambie karani kabla nakala hazijatolewa, kwa sababu zikishatoka hazirudi. Polisi utawapa anwani hiyo pembeni.

Omba nakala zilizothibitishwa, zenye muhuri wa mahakama, na usione haya kuomba nyingi. Hesabu: vituo vya polisi, shule, kazini, moja ya kutembea nayo, moja ya kuhifadhiwa na mtu unayemwamini. Saba si nyingi.

Swali la mwisho masjala: "Je, mahakama huipeleka polisi yenyewe? Kituo kipi, kwa njia gani, lini?" Ziko nchi zilizolifikiria jambo hili mapema. Afrika Kusini, kwa sheria yake ya mwaka 1998, inamtaka karani wa mahakama apeleke nakala zilizothibitishwa kwenye kituo anachokichagua mlalamikaji mwenyewe, pamoja na hati ya kukamata ambayo hutolewa siku moja na amri na kulala ikisubiri amri ivunjwe. Marekani amri huweza kuingizwa katika mfumo wa kompyuta wa taifa ambao tangu mwaka 1997 una sehemu maalumu ya amri za ulinzi. Hispania ina mfumo uitwao VioGén, ulioanza mwaka 2007, ambao polisi huutumia kufuatilia waathirika wa ukatili wa wenza. Penye mfumo kama huo, mshukuru Mungu, halafu nenda ukahakikishe. Kompyuta hujua kile tu kilichoandikwa na karani, na karani naye ni binadamu mwenye foleni mbele yake.

Hatua ya 2: Aliyekatazwa lazima ajue kwamba amekatazwa

Hapa ndipo amri nyingi hufia. Ni vigumu kumtia mtu hatiani kwa kuvunja amri asiyoijua. Uingereza na Wales, kuvunja amri ya kutosumbua ni kosa la jinai tangu Julai 2007, na kifungo kinaweza kufika miaka 5. Lakini sheria hiyohiyo inasema mtu hana kosa kwa alilolitenda kabla hajajua kuwa amri ipo. Ndiyo maana swali la askari linalofuata baada ya "amri iko wapi?" huwa "alishakabidhiwa?"

Usimkabidhi wewe, na usimtume mtoto wala mama yako. Kazi hiyo ina wenyewe: tarishi wa mahakama, mpeleka nyaraka wa wakili, au polisi, kulingana na utaratibu wa mahali. Unachotaka kutoka kwao ni uthibitisho wa maandishi, mara nyingi hati ya kiapo, unaoeleza nani alimkabidhi, siku gani, saa ngapi, wapi, na aliyekabidhiwa alifanya nini. Hata kama aliichana akaitupa, iandikwe hivyo, aliyeichana ameiona. Chukua nakala ya uthibitisho huo na uibane pamoja na amri. Tangu siku hiyo karatasi hizo mbili hazitembei mojamoja.

Akijificha, usikae kusubiri ajitokeze. Rudi mahakamani uombe njia nyingine ya kumfikishia: kwa ujumbe wa simu, kupitia mwajiri wake, kwa kubandika mlangoni. Ni uamuzi wa hakimu, lakini ni lazima mtu aombe.

Tena, siku anayokabidhiwa ni siku ya hatari. Mtu aliyezoea kuamrisha nyumba nzima anapewa karatasi inayomwambia yeye ndiye wa kuamrishwa. Mwombe anayeipeleka akujulishe kabla ya kwenda na mara tu anapomaliza. Panga kulala kwingine usiku huo. Na ukiweza, polisi wapate nakala yao kabla yake: "Atakabidhiwa kesho mchana; nitaleta uthibitisho ukitoka." Usiku wa kwanza usiwakute hawajui.

Hatua ya 3: Vituo vipi

Cha kwanza ni kile kinachohudumia unapolala. Kama karibu yako kuna kituo kidogo chini ya kituo kikubwa, peleka kote kuwili: daftari kuu liko kikubwani, lakini miguu itakayofika kwako kwanza huenda ni ya wale wa kituo kidogo. Halafu kituo cha eneo la kazi, la shule, na la nyumba ya ndugu unayoikimbilia mambo yakiharibika. Watu wengi husahau kituo cha kule anakoishi mlalamikiwa mwenyewe, na askari wa huko ndio watakaotumwa kumtafuta.

Hatua ya 4: Kifurushi, na asubuhi ya kwenda kituoni

Nenda asubuhi ya siku ya kazi, pakiwa pametulia. Usingoje usiku wa tukio ndipo uanze kujitambulisha. Nenda na mtu mmoja mtulivu. Utulivu utakusaidia kuliko usomi, na umati wa ndugu wenye hasira hautakusaidia kabisa.

Beba nakala ya amri yenye muhuri, uthibitisho wa kukabidhiwa, na karatasi moja ya maelezo uliyoiandaa mwenyewe. Hiyo ya tatu mahakama haikuagizi uiandike, lakini kwa maoni yangu ndiyo itakayosomwa. Amri ina kurasa na lugha ya sheria. Askari anayevaa buti huku gari linawaka ana dakika moja. Mpe dakika hiyo kwenye ukurasa mmoja: picha ya mlalamikiwa iliyo wazi, majina yake yote, umri na umbo, namba zake za simu, gari au pikipiki yake na namba za usajili, anakofanya kazi. Aliyokatazwa, kwa maneno mepesi, mistari mitatu au minne. Tarehe ya kuisha. Watoto ni wangapi na wako wapi mchana. Namna ya kufika nyumbani kwako usiku. Simu yako na simu ya mtu wa pili.

Andika pia kama ana silaha au anaweza kuipata, na kama aliwahi kutishia kuua au kukukaba koo. Kukabwa koo usikutaje kwa haya wala kwa kupunguza, eti "alinishika shingo kidogo". Wanaoshughulikia kesi hizi wanalihesabu kuwa moja ya dalili nzito kwamba mauaji yanaweza kufuata, na askari anayelijua hilo atakuja haraka zaidi.

Ukifika kaunta, sentensi ya kwanza ina uzito wake. Ukianza na "mume wangu ananipiga", utasikilizwa kama mwenye malalamiko mapya, na huenda ukapatanishwa. Anza hivi:

"Habari za kazi, afande. Nimekuja kuandikisha amri ya ulinzi niliyopewa na mahakama. Sikuja kufungua kesi mpya. Naomba iingizwe kwenye daftari la matukio na nakala ibaki hapa."

Halafu usiondoke bila mambo haya matatu. Nambari ya kuandikishwa kwenye daftari: Kenya watu huiita nambari ya OB, Tanzania utasikia RB. Jina la askari aliyepokea na namba yake ya kazi. Na muhuri wa kituo wenye tarehe, ugongwe juu ya nakala yako wewe, kuonyesha kwamba waliipokea. Muhuri huo utakufaa siku mtu atakaposema "hatukuwahi kuletewa".

Omba kumwona mkuu wa kituo, hata kwa dakika tano, na dawati la jinsia kama lipo. Askari wa madawati haya wamefunzwa kusikiliza na mara nyingi ndio watakaokuwa msaada wako mkubwa. Ila dawati linaweza kufungwa jioni wakati vurugu nyingi bado hazijaanza, kwa hiyo nakala isiishie kwao. Iwepo kaunta pia.

Kisha uliza, kwa upole lakini mpaka ujibiwe: "Nikipiga simu saa nane usiku, atakayeipokea ataiona amri hii wapi?" Omba wakuonyeshe, maana "itakuwa hapahapa" si mahali. Nimewahi kusindikiza mtu kituoni mara ya pili tukakuta amri yake ipo, imehifadhiwa vizuri kabisa, ndani ya kabati lililofungwa ambalo ufunguo wake ulikuwa na askari aliyekwenda likizo. Uliza pia kama simu za dharura hupokelewa palepale au katika chumba kingine cha mawasiliano. Kama ni kwingine, taarifa lazima ifike huko. Uliza nani anaipeleka.

Ukikataliwa, na hutokea, tambua ni kukataliwa kwa aina gani. Akisema "haya ni mambo ya nyumbani, kazungumzeni", mjibu: "Tulishazungumza, afande, mbele ya hakimu. Hili ndilo jibu lake." Akisema "mahakama ituletee yenyewe", huenda hakosei, huenda ndio utaratibu wao. Mwulize anataka nini hasa, rudi masjala uombe barua fupi ya kuitambulisha amri kwa mkuu wa kituo, na urudi nayo. Akikataa bila sababu, muulize jina lake, andika saa na tarehe mbele yake, na omba kumwona mkubwa wake. Wengi hulainika kalamu inapotoka. Asipolainika, panda ngazi: mkuu wa kituo, mkuu wa polisi wa wilaya, chombo cha kusimamia polisi, au hakimu mwenyewe, ambaye kwa kawaida hafurahi kusikia amri yake imegomewa kaunta.

Hatua ya 5: Jaribu kama inapatikana

Baada ya wiki moja, wewe au msindikizaji wako mpige simu kituoni jioni, zamu nyingine ikiwa kazini. "Naomba mniangalizie amri ya ulinzi iliyoandikishwa tarehe fulani, namba fulani." Ikipatikana kwa dakika chache, shukuru na ukate. Isipopatikana, bora umejua leo kuliko ungejua usiku ambao yeye yuko mlangoni. Rudia jaribio hili kila unaposikia mkuu wa kituo au askari wa dawati amehamishwa. Polisi huhamishwa sana, na wanapoondoka huondoka na kumbukumbu zao.

Hatua ya 6: Wengine wanaopaswa kujua, na wasiopaswa

Shule ipewe nakala, na itajwe wazi nani anaruhusiwa kumchukua mtoto. Mlinzi wa getini kazini anahitaji picha na sentensi moja. Kurasa za maelezo ya ndoa yako hazimhusu. Jirani mmoja anahitaji kujua kwamba akisikia kelele apige simu polisi na ataje neno "amri ya mahakama". Zaidi ya hapo, kila unayemwambia ni mdomo unaoweza kumfikia mlalamikiwa, hasa ndugu wa pande zote mbili wenye nia njema ya kuwasuluhisha.

Piga picha za kurasa zote uziweke kwenye simu, lakini fikiri kwanza simu hiyo nani mwingine anaifungua. Kama anajua nenosiri lako, au akaunti ya barua pepe mliifungua pamoja, picha hizo na anwani yako mpya zitakuwa mikononi mwake kabla ya jioni. Badili nenosiri kwa kutumia kifaa ambacho hajawahi kukigusa.

Hatua ya 7: Anapoivunja

Ukipiga simu, taja amri kabla ya kisa. "Nina amri ya ulinzi ya mahakama, imeandikishwa kituo chenu, namba kadhaa. Aliyekatazwa yuko nyumbani kwangu sasa hivi. Niko mahali fulani. Ana panga." Simu ikikatika hapo, aliyeipokea tayari ana kila anachohitaji. Kisa kizima kitaandikwa baadaye. Jifunze sentensi hizo kwa moyo, na umfundishe mtoto mkubwa zilezile. Hofu hufuta maneno.

Askari wakifika, wape mkononi amri na uthibitisho, vile viwili vilivyobanwa pamoja. Sema kipi kimevunjwa kwa kuonyesha kidole kwenye sharti lenyewe: "Hapa, namba 2, mita 100." Wasipomkuta, omba tukio liandikwe hivyohivyo na upewe namba yake. Wanaovunja amri huondoka wakisikia king'ora, na tukio lisiloandikwa huonekana mahakamani kana kwamba halikutokea.

Ripoti na madogo. Ujumbe wa "samahani nimekukumbuka" unavunja amri iliyokataza ujumbe, hata kama una maua ndani yake. Usiujibu, usiufute, piga picha ya skrini inayoonyesha namba, tarehe na saa. Kuwa na daftari dogo: siku, saa, alichofanya, nani aliona, askari gani aliandika, namba gani. Matukio kumi madogo yaliyopangwa kwa tarehe humwonyesha hakimu mwenendo ambao tukio moja kubwa haliwezi kuuonyesha.

Kuna jambo ambalo watu huniuliza kwa sauti ya chini: vipi kama mimi ndiye niliyemwita? Watu hurudiana, na sikuandika haya ili kumhukumu yeyote. Ila jua kwamba amri ni ya mahakama. Hamuwezi kuifuta nyinyi wawili sebuleni. Kwa kawaida inaendelea kumfunga yeye hata kama mlango umefunguliwa na wewe, na siku mambo yakigeuka, mwaliko wako utakuwa swali la kwanza la wakili wake. Kama mmebadili mipango, nendeni mahakamani ibadilishwe, na polisi wapewe iliyobadilishwa.

Kwa walio upande wa pili wa kaunta

Maneno machache kwa karani na askari, kama mwongozo huu umewafikia. Karani: amri itoke siku ileile iliyotolewa, na usichukulie kuwa imefika mpaka kituo kimejibu kwamba kimeipokea. Orodhesha ulizopeleka na ulizojibiwa. Pengo kati ya orodha hizo mbili ndilo la kupigia simu kesho yake. Amri ikifutwa au kubadilishwa, habari hiyo iende kwa kasi ileile, kwa sababu kumkamata mtu kwa amri iliyokufa ni dhuluma pia.

Askari: jalada moja kaunta, lililopangwa kwa jina la aliyekatazwa na la aliyelindwa, lisilofungwa kwa ufunguo wa mtu mmoja, linatosha hata pasipo kompyuta. Lipitieni wakati wa kukabidhiana zamu. Na anwani ya mlalamikaji isitajwe mbele ya mlalamikiwa, hata kwa bahati mbaya, hata wakati wa kumwandika maelezo.

Hatua ya 8: Kuhama, mabadiliko, na tarehe ya kuisha

Ukihama ndani ya nchi, safari ya kituoni inaanza upya huko uendako. Ukivuka mpaka, kwanza uliza kama amri yako inavuka nawe. Marekani, sheria ya shirikisho ya mwaka 1994 inalitaka kila jimbo liiheshimu amri iliyotolewa na jimbo jingine. Australia, amri zilizotolewa tangu tarehe 25 Novemba 2017 hutambuliwa nchi nzima bila kuandikishwa upya. Katika nchi nyingi za Umoja wa Ulaya kuna utaratibu wa kuitambua amri ya nchi mwanachama nyingine, unaotumika tangu Januari 2015. Pasipo na mpango kama huo, usidhani karatasi itaheshimiwa kwa sababu tu ina muhuri. Nenda nayo mahakama ya huko, ikiwa imethibitishwa na imetafsiriwa kama lugha ni nyingine, uulize kama inaweza kusajiliwa au kama utaomba mpya.

Masharti yakibadilishwa, peleka mpya kila ulikopeleka ya zamani, na omba ya zamani iandikwe "imebadilishwa" au uondoke nayo. Amri mbili zinazopingana kwenye jalada moja zitampa wakili wa upande wa pili kazi rahisi.

Tarehe ya kuisha iandike mahali utakapoiona kila siku, na tarehe nyingine miezi miwili kabla yake. Hiyo ya pili ndiyo ya kurudi masjala kuuliza kuhusu kuongezewa muda, ukiwa na lile daftari dogo mkononi. Amri mpya ikitoka wakati ya zamani bado hai, hakutakuwa na hata usiku mmoja ambao askari anaitazama karatasi na kukuambia iliisha jana. Chukua nakala zako, hesabu kama zinatosha, na ukianza na kituo kilicho karibu na unapolala, pita tena kaunta zote kama ulivyopita mara ya kwanza.